Shimo Iliyopikiwa Chai

Mliniacha nimesimama na magongo mbili kwa kwapa, mdomo wazi, na Nyakundi, ofisa wa barabara, ananiuliza swali moja tu.

"Kijana, shimo iko wapi?"

Nikaangalia chini. Shimo haikuwa hapo!

Shimo ambayo ilinimeza mpaka kiuno nikikimbiza lori ya majani chai. Shimo ambayo ilivunja mguu yangu pande mbili ikanilaza wodini. Shimo ambayo nilimpigia huyu Nyakundi simu mpaka akachoka kunikatia, akakubali kuja kuiona na macho yake. Imeenda!

Pale ilikuwa, kulikuwa na udongo ya murram, nyekundu, imeshindiliwa vizuri, na kando wamepanga mawe wakapaka chokaa. Hata barabara ya lami haijawahi kupendeza hivyo.

"Ilikuwa hapa," nikasema.

"Hapa wapi?" Nyakundi akapiga kiatu chini. Du! Du! "Hapa naweza kupitisha trekta."

"Boss, nakuapia."

"Usiniapie. Nimetoka nyumbani bila uji, nimeteleza kwa majani ya watu, suruali imejaa matope, halafu unanionyesha murram?"

Nikamzibia njia na gongo moja. Wacha niwaambie kwa nini, kwa wale hawakusoma wiki jana.

Daktari aliniambia mfupa imeanza kushika vibaya. Isipofunguliwa ipangwe upya, nitatembea mguu ikiangalia upande mpaka nizeeke. Na mimi kazi yangu ni miguu. Nachuna majani, nabeba kikapu, nakimbia na hizi milima za Kapkatet tangu niache shule. Hiyo operesheni ya pili kwetu hatuiwezi. Pesa yake ilikuwa kwa fidia. Na fidia ilikuwa ndani ya ile shimo.

"Nani amefanya hii kitu?" nikapiga kelele. "Nani?"

"Chamgei!" mtu akatusalimia kutoka juu.

Ni jirani yetu, Mzee Kipchirchir. Gamboti miguuni, jembe begani, meno yote nje. Huyu ndiye alinibeba mgongoni siku niliangukia shimo, akanifikisha barabarani akihema kama ng'ombe amepanda mlima.

"Mmeonaje kazi?" akauliza.

"Kazi gani, Mzee?"

"Si hii! Kokwet yote ilitoka. Hakuna jirani alibaki nyumbani. Ulipoenda kliniki Jumamosi tukasema, huyu mtoto wetu ameumia, mwingine asiumie. Vijana wakaleta murram, wazee tukapanga mawe, akina mama wakasimamia upande wa jiko." Akanyoosha kidole nyuma yangu. "Mama yako ndiye alipika chai."

Nikageuka polepole, kwa sababu na magongo hakuna kugeuka haraka.

Mama yangu, Rebeccah, alikuwa anashuka na birika mkono moja na vikombe mkono ingine. Ameona mgeni, anamletea mgeni chai. Huyo ndiye mama yangu.

"Mama, ulipika chai?"

"Sasa watu wafanye kazi na kiu?"

"Ulipikia watu chai wakizika kesi yangu!"

"Kesi gani imezikwa? Mimi niliona shimo."

Jameni! Nilitaka kukaa chini nilie, lakini nikikaa chini siwezi kuamka bila watu wawili.

Na siwezi kusema walifanya ubaya. Kwetu mtu akiumia njiani, hakuna mtu anaulizanga njia ni ya nani. Jembe inatoka, chai inapikwa, shimo inazibwa, maombi, watu wanarudi nyumbani. Hata wewe unasoma hii gazeti, kama umetoka hizi pande, ungekuwa hapo na karai ya murram. Hakuna mtu alifikiria kwamba shimo inaweza kuwa mali ya mtu.

Nyakundi alikunywa chai yote. Akarudisha kikombe.

"Chai ni tamu, mama. Lakini bila shimo hakuna ripoti. Na bila ripoti hakuna fidia. Nimeenda."

"Hauendi popote."

Sauti ilitoka kwa njia ya chini. Shirley Wanjiru! Wakili wangu. Wazazi wake ndio wako na ile hardware ya hapa senta, amezaliwa hapa, na akikasirika anaongea Kipsigis kuliko mimi. Alikuwa amevua viatu zake za ofisini, anashika moja kwa kila mkono, miguu yote matope.

"Umechelewa, wakili," Nyakundi akasema. "Ushahidi wenu umetengenezwa."

"Tutafukua."

"Mfukue nini?" Mzee Kipchirchir akasimama katikati ya murram yake kama mlinzi wa benki. "Shirley, mtoto wa duka, ukifukua hii utanifukia mimi ndani yake kwanza!"

"Mzee, tunataka ofisa aone shimo."

"Sisi tulitaka watoto wapite. Wewe unataka waanguke ndio uandike?"

"Basi, hakuna hata mtu moja alipiga picha? Kokwet nzima, simu zote hizo?"

Nikaangalia Mama, Mama akaangalia birika. Nikaona kesi yangu inateremka mlima ikienda.

Halafu Mzee Kipchirchir akakohoa. Akaingiza mkono kwa koti.

"Picha iko. Niliweka kwa grupu ya kanisa."

"Picha gani?"

"Ya kabla na ya baada. Si lazima watu waone mahali walitoa nguvu yao imeenda?"

Shirley karibu amuangushe akinyakua hiyo simu. Na hapo ikawa, wapendwa! Shimo yangu! Mdomo wazi, nyeusi, maji chini yake. Na ndani ya shimo amesimama Mzee Kipchirchir mwenyewe, mpaka kiuno, ameinua kidole gumba, anacheka.

Nyakundi akaangalia picha. Akamwangalia mzee. Akaangalia picha tena.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Unacheka nini ndani ya shimo imevunja mtu?"

"Picha ni ya kanisa. Nilie?"

Hata Nyakundi alishindwa, akacheka. Akasema sawa, shimo amekubali, ilikuwa. Niliinua gongo moja juu kama mtu ameshinda kombe. Mama akashukuru Mungu, "Kongoi Jehova," na akaanza kumimina chai ingine.

Furaha yangu haikumaliza hata hicho kikombe.

"Sasa swali la pili," Nyakundi akasema. "Njia ni ya nani?"

"Ya nani aje? Ni ya watu wote!" nikaruka. "Watoto wa shule wanapitanga hapa. Akina mama wa kanisa. Kila mtu ako na kikapu ya majani anapita hapa kwenda kituo!"

"Kupita si kitu. Hata mbuzi zinapita. Mimi naongea ramani." Akatoa simu yake, akaigeuza huku na huku. "Njia ya serikali haipiti hapa kwa maji. Inapita huko juu kwa kavu. Hapa tumesimama ni shamba ya mtu." Akainua macho. "Ya nani?"

Meno ya Mzee Kipchirchir zilirudi ndani.

"Yangu," akasema. "Niliachia watu wapite."

"Basi mambo imeisha. Kijana, uliumia kwa shamba ya jirani. Ofisi yetu haiko hapo. Shtaki huyu."

Shirley alinivuta kando. Akaongea chini kwa sikio.

"Kipkurui, kwa sheria hiyo inawezekana."

"Nini inawezekana?"

"Kumshtaki."

"Huyu mtu alinibeba mgongoni!"

"Najua. Mimi nakuambia sheria. Na nakuambia mguu yako haitamngoja mtu."

Alidhani mzee hasikii. Mzee alisikia. Akashusha jembe polepole akaisimamisha kwa murram.

"Weri," akaniita, kijana kwa Kipsigis, vile alikuwa ananiita nikiwa mtoto. "Niliwapatia njia. Nikakubeba. Nikaziba shimo na hii mikono. Sasa niuze ng'ombe nikulipe?"

Jibu ilikuwa hapana. Lakini haikutoka haraka. Nilikuwa nafikiria mguu, na ikakaa kwa koo kidogo. Hiyo kidogo ndiyo ilimuuma. Nilimwona ikimuuma.

"Sawa," akasema. "Sawa sawa. Mnataka njia ya serikali? Twendeni niwaonyeshe jiwe."

Kikombe ilianguka. Ilikuwa ya Mama.

"Kipchirchir, wacha," Mama akasema.

"Nimewacha tangu mtoto wako hajazaliwa, Rebeccah. Leo naambiwa nishtakiwe."

"Jiwe gani?" nikauliza. "Mama, jiwe gani?"

Alikuwa anaokota kikombe ambayo haikuvunjika, anaipangusa, anaipangusa tena.

Tukapanda. Wao walipanda, mimi nilijikokota. Magongo zinazama kwa udongo, matawi ya majani inanishika hizi vyuma daktari alinifunga kwa mguu, kila hatua nataka kutukana na Mama ako nyuma yangu. Nikafikiri Mzee anaenda upande wake. Anakata kulia. Hapana. Alikata kushoto. Akavuka seng'enge.

Akaingia kwa majani yetu!

Na si majani yoyote. Ni ile mistari ya huku juu kando ya mikaratusi, ambayo hata jua ikiwaka vipi inachipuka. Hiyo ndiyo inatulisha. Hiyo ndiyo inaleta bonasi. Baba haruhusu mtu mwingine aipogoe, anaipogoa yeye mwenyewe.

Mzee Kipchirchir alipiga magoti chini ya mti moja ya majani, akasukuma matawi, akaanza kulima. Udongo unaruka. Mara moja, mara ingine.

Kengg!

Jembe imegonga kitu. Nyakundi alisahau suruali yake, akapiga magoti pia. Wakafagia udongo na mikono. Simiti. Katikati yake chuma imetoa kichwa.

"Bikoni ya mpaka," Nyakundi akasema. Hakuwa anacheka tena. Akatoa tepu, akampatia Shirley kichwa yake, wakavuta mpaka kwa mikaratusi. Akaangalia simu. Akarudi kuangalia chini. "Kutoka hapa mpaka pale yote ni njia ya watu. Hii mistari yote imepandwa kwa njia ya watu. Mwenye hii shamba ni nani?"

Mzee Kipchirchir akapangusa jembe.

"Nimeuliza, mwenye majani ni nani?"

"Ni mimi."

Baba. Eliakim, mzee wa kanisa, baba yangu mzazi. Alikuwa anatoka kituo cha majani, kikapu tupu mgongoni, panga ya kupogolea kwa mshipi. Alikuwa amesimama hapo sijui tangu lini.

Na hapo ndipo akili yangu ilifunguka kama mlango imepigwa teke.

Kumbe watu walikuwa wanapita hapa juu, kwa kavu! Baba akapanda majani akafunga njia. Na Mzee Kipchirchir, badala ya kumpeleka Baba mbele ya kokwet waaibishane, akakata kanjia kwa shamba yake mwenyewe, huko chini ambako maji ya mvua inateremka. Maji ikachimba. Nyasi ikafunika. Na mtoto wa Baba akapita hapo na kikapu.

"Baba?" nikasema.

Hakuniangalia.

Shirley hakupoteza wakati. "Bwana Nyakundi, kama njia ya watu ilifungwa, ofisi yenu ikanyamaza, watu wakalazimika kupita kwa maji, huyu kijana akavunjika. Nani atajibu?"

Nyakundi alikuna kichwa. "Wakili, usiniwekee maneno mdomoni."

"Nani atajibu?"

"Kama mwenye alifunga anakubali hapa mbele ya watu kwamba alifunga, na alikuta njia ikitumika, basi ofisi itabidi ijibu. Hiyo naandika na mkono yangu. Lakini haya majani yatang'olewa yote. Hapo siwezi kusaidia mtu."

"Na akikataa?"

"Akikataa, hii ni jiwe tu chini ya mti. Pengine lilibebwa likatupwa. Naenda kuandika kijana aliumia kwa shamba ya Kipchirchir. Mtajuana na yeye."

Kila mtu akamgeukia Baba.

Neno moja tu. Aseme "nilifunga," nipate mguu. Mzee Kipchirchir abaki na ng'ombe zake. Neno moja!

Baba aliangalia mguu yangu. Aliangalia vile vyuma zimetokea kando kama misumari. Akaangalia Mzee Kipchirchir, ambaye aliangalia chini. Halafu akaangalia majani yake, mstari baada ya mstari, kama mtu anahesabu watoto.

"Hiyo jiwe sijawahi kuiona," akasema.

"Baba!"

"Nimesema sijawahi kuiona. Mtu amekuja kuiweka."

"Eliakim," Mzee Kipchirchir akasema polepole, "unasimamanga madhabahuni wewe."

"Wewe ulijuaje iko hapo, kama si wewe uliiweka?"

Jameni, mzee wa watu! Macho yake ilijaa maji. Mtu wa umri ule.

Kitu ikakatika ndani yangu. Nikachukua gongo moja nikaitupa. Iliruka juu ya majani ikazama huko ndani.

"Baba, nichagulie! Ni mguu yangu ama ni majani?"

"Majani ndiyo imekulea wewe na huo mguu!" akanguruma. "Ulikula nini ukikua? Ulivaa nini? Ulienda shule na nini mpaka ukaiacha mwenyewe? Unataka ning'oe mdomo ya nyumba nzima kwa sababu hukuangalia chini ukikimbia?"

"Ningeangalia nini na nyasi imefunika?"

"Ungeenda polepole!"

"Lori ya majani inangojanga mtu? Majani ilikuwa yako!"

Shirley alikuwa kati yetu, mikono juu, viatu zake bado zinaning'inia. "Mzee, tafadhali. Kipkurui, nyamaza. Tafadhali."

Halafu tukasikia birika ikiwekwa chini.

Mama alipangusa mikono kwa leso. Akatembea mpaka pale jiwe ilikuwa. Akaiangalia vile mtu anaangalia mtu alimjua.

"Eliakim," akasema. "Jembe ulishika wewe."

"Rebeccah, rudi nyumbani."

"Jembe ulishika wewe, na miche nilikuwa nakupatia mimi. Moja moja. Tukifika hapa uliniambia nipatie ile kubwa, ndiyo ifunike hii jiwe haraka."

"Rebeccah!"

"Nilinyamaza. Nikaona watu wakishuka kwa maji na watoto mgongoni, nikanyamaza. Nikawapikia chai wakiziba shimo tulichimba mimi na wewe. Nikawapikia chai, Eliakim, na wakaniambia asante." Sauti yake haikupanda hata kidogo. Akamgeukia Nyakundi. "Wewe uko na kalamu?"

"Niko nayo, mama."

"Andika. Hii njia tulifunga sisi. Andika Rebeccah. Na uandike Kipchirchir hana kosa."

Nyakundi alifungua kalamu.

Na Baba akachomoa panga.

Alitupa kikapu chini, akaanza kuja. Alikuja akipasua mistari, hajali matawi, anavunja majani yake mwenyewe na magoti, yeye ambaye akiona tumevunja tawi moja hatulali. Macho yake ilikuwa imeganda mbele, na sikujua anaangalia kalamu, ama jiwe, ama Mama.

"Eliakim!" Mzee Kipchirchir akanyakua jembe.

Shirley akaangusha viatu. Nyakundi akarudi nyuma, akateleza, akakaa chini na karatasi yake.

Mama peke yake hakusonga. Alisimama juu ya ile jiwe kama amepandwa hapo.

Gongo ingine ilikuwa imezama kwa majani, mahali niliitupa na hasira yangu. Nikaruka na ile moja. Mguu mzuri, gongo, mguu mzuri, gongo, nikafika mbele ya Mama nikamfunika na mwili yangu. Vyuma ziliuma mpaka kwa meno.

Baba alisimama hatua moja kutoka kwangu. Nilisikia pumzi yake. Aliangalia uso wangu, akashuka macho mpaka kwa mguu, na kitu kwa uso wake ikabomoka.

"Songa, weri," akasema.

"Sisongi."

Na Baba akainua panga.